Bukari na Sombe za Kamina

Tangu tuhamie nchi ya Kongo, barua na habari za simu zitufikiazo kutoka Bukoba huuliza karibu zote neno lile lile. Hawatuulizi habari za lugha, wala za kazi, wala za mvua. Huuliza: "Je, huko mnakula nini?" Swali hili si la ulafi. Mtu wa kwetu akisikia kwamba ndugu yake amekwenda kukaa mahali pasipo na migomba mingi, humhurumia kana kwamba amepelekwa jangwani. Maana kwetu Buhaya, mtu asiyekula ndizi husema kwamba hakula, hata kama ameshiba. Basi leo twapenda kuwajibu wote kwa pamoja, nao wanafunzi wetu wa zamani wasome, hasa wale waliotuandikia kwa kicheko juu ya viwavi. Tutafika kwa viwavi baadaye.

Kwanza mjue mji wenyewe. Kamina ni mji mkuu wa Mkoa wa Haut-Lomami, uliopata kuwa mkoa kamili mwaka 2015, wakati Katanga ya zamani ilipogawanywa kuwa mikoa minne. Umekaa juu ya uwanda wenye kimo kupita mita 1,000, katika nchi ya Waluba, na pande zote umezungukwa na miombo. Twaweza kusema kwamba ni mtoto wa reli. Reli itokayo Lubumbashi ilifika Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918. Kutoka hapo ikaendelezwa kupita Kamina na Kananga hata Ilebo, ikamalizika mwaka 1928. Na mwaka 1956 ikaunganishwa njia ya tatu, iendayo Kabalo na Kalemie, ufukoni mwa ziwa Tanganyika. Njia hiyo ya tatu ndiyo tuliyoijia sisi mwezi wa Septemba 2022, mtu na mkewe na watoto wawili, baada ya kuvuka ziwa kutoka Kigoma.

Walimu wa uimbaji watapenda kujua pia kwamba ni hapa Kamina ambapo Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliwakusanya waimbaji wake, na mwaka 1958 ile Missa Luba ikasikika Ulaya. Lakini hilo ni jambo la masikio, nasi leo tunasema juu ya kinywa.

Chakula cha Kamina ni bukari. Jina ni ugali wetu uleule uliosafiri. Wakasai huuita nshima, na ukifika Kinshasa utaambiwa fufu. Lakini msidhani kwamba kwa kuwa jina ni jamaa, basi chakula ni kile kile mlichokila bwenini. Bukari ya hapa hupikwa kwa unga wa mahindi uliochanganywa na unga wa muhogo, na kazi yote ya akili imo katika kile kipimo. Mahindi hutia uzito na ladha. Muhogo hutia mvuto, hata tonge linyooke kidogo kabla ya kukatika. Muhogo ukizidi, bukari hunata vidoleni kama ulimbo. Mahindi yakizidi, wazee husema ni chakula cha kuku. Mama mwenye ujuzi hapimi kwa kikombe. Huutazama unga, huunusa, huusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha hutia kadiri apendavyo, wala mwiko wake haupumziki mpaka uso wa chungu ung'ae.

Muhogo wenyewe si kitu cha kuchezea. Aina nyingi za huku ni chungu, nao uchungu ule ni alama ya sumu. Kwa hiyo mizizi hulowekwa majini siku tatu au nne, mpaka ilainike na harufu yake ichachuke, ndipo humenywa, huanikwa juani, hutwangwa na kuchekechwa. Mgeni akipita karibu na kijito walipoloweka hujifunika pua. Asifanye hivyo, maana harufu ile ndiyo salama ya watoto. Mwaka 1938 daktari Mwitalia Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango, magharibi ya Kongo, ambao kwa lugha ya Wayaka huitwa konzo, maana yake miguu iliyofungwa: mtu hulala mzima, akaamka miguu yake imekakamaa, wala haiponi tena. Waliopatwa ni wale waliokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, pasipo samaki wala nyama ya kuupa mwili nguvu ya kushinda sumu. Wala msiseme kwamba hayo ni ya Kongo. Mwaka 1985 ugonjwa huo huo uliwashika watu wa Tarime, katika Tanzania yetu, wakati wa ukame, kwa sababu njaa iliwafanya wapunguze siku za kutayarisha muhogo. Basi mama wa Kamina anapokataa kuharakishwa, heshimuni ukaidi wake.

Juu ya bukari huja sombe. Hayo ni majani ya muhogo, ambayo pwani ya kwetu huitwa kisamvu, na Wakongo wa upande wa Kilingala huyaita pondu. Kila alasiri, yapata saa kumi, vinu vya mtaa wetu huanza kulia, kimoja hapa, kingine kule, na mtu aliyezoea aweza kujua kwa sauti tu nani anatwanga majani na nani anatwanga muhogo mkavu. Majani hutwangwa yakawa laini kabisa, kisha huchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Baadaye hutiwa vitunguu, pilipili, mara nyingine karanga, na mwishoni mafuta ya ngazi, yaani mawese, mekundu kama udongo wa kwetu. Ikiwa nyumba ina uwezo, samaki mkavu huvunjwa-vunjwa humo.

Jirani yetu wa kulia, bibi mzee ambaye mtaa mzima humwita Nkambo, ndiye aliyemfundisha mama watoto wetu kazi hiyo. Siku ya kwanza mama watoto, ambaye ni mtu wa kupika ndizi kwa saa moja na kuwaita watu mezani, alifunua sufuria mara tatu kuuliza kama sombe imeiva. Nkambo akamtazama kwa upole.

"Mama Mwalimu," akamwambia, "sombe haina saa. Wewe ukae, tuzungumze. Mazungumzo yakiisha, nayo imeiva."

Tangu siku ile tumejifunza habari nyingi za mtaa huu kwa njia ya sombe kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Sasa tuwaambie habari za samaki, maana hapo Kamina ina utajiri ambao wageni wengi hawaujui. Kusini na mashariki ya mji, mto Lualaba hushuka katika bonde pana la Upemba na kutawanyika kuwa mabwawa na maziwa mengi, makubwa yakiwa Upemba na Kisale. Samaki wa huko, kambale na perege hasa, hukaushwa kwa moshi juu ya vichanja, hufungwa katika matenga, na kuletwa kwa gari la moshi kutoka Bukama, au kwa baiskeli na pikipiki kwa njia zisizostahili kuitwa barabara. Siku ya matenga kufika, soko lote hunuka moshi mtamu. Mtu aliyezoea dagaa wa Kigoma na sato wa ziwa Victoria hana budi kuanza upya. Kambale mkavu wa Kisale ni mweusi, amekunjwa mkia mdomoni kama pete, tena ni mgumu hata mtoto wetu mdogo alimpigia ngoma. Lakini akilowekwa usiku kucha, akapikwa polepole kwa mafuta ya ngazi, nyama yake huachana yenyewe na mfupa, nayo ladha ya moshi hubaki mkononi hata kesho yake. Tukiulizwa ni chakula gani cha Kamina tunachokipenda kupita vyote, hatutasita: ni huyo kambale, ndani ya sombe iliyopikwa pasipo haraka.

Biashara hiyo ni ya kale kupita kiasi. Penye ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, na wengine wakaendelea baadaye. Walikuta kwamba watu walikaa hapo tangu karne ya 8 hivi, na kwamba wafu wao walizikwa pamoja na vyungu vizuri sana, mapambo ya shaba, na majiko ya udongo ya kubebeka, ambayo wataalamu wayafananisha na yale ya kupikia ndani ya mtumbwi. Makaburi ya watoto yaliwekewa vyungu vidogo vya kiasi chao. Twawaomba wanafunzi wafikiri jambo hilo: zaidi ya miaka elfu iliyopita, kando ya maji haya, mama alimfinyangia mtoto wake aliyekufa chungu cha kumtosha yeye peke yake.

Lakini wavuvi wenyewe hulalamika kwamba samaki wamepungua kimo. Siku hizi nyavu za matundu madogo, hata vyandarua vya mbu, huburutwa kando ya matete ambamo samaki huzalia. Nkambo, ambaye ujanani alichuuza samaki, huchukua kambale wa sokoni, humpima kwa mkono kuanzia kiganja hata kiwiko, akaona hafiki kiwiko, akamrudisha pasipo kusema neno.

Haya, viwavi. Wanafunzi wetu walituandikia: "Mwalimu, tumesikia huko mnakula wadudu, tunakuombea." Tunawashukuru kwa sala. Lakini je, nyinyi wana wa Bukoba, mwezi wa Novemba mnafanya nini chini ya taa? Si mnakesha mkikamata senene kwa mapipa na mabati, mkawakaanga, mkawafunga katika vifurushi na kuwapelekea ndugu wa Dar es Salaam kama zawadi ya heshima? Tena wazee wetu waliwapa wanawake kazi yote ya kuwakusanya na kuwanyonyoa mabawa, kisha wakasema kwamba mwanamke hali senene! Mtu wa Kamina akisikia hayo hucheka yeye.

Viwavi, ambao Wakongo wengi huwaita mbinzo, hukusanywa miomboni wakati wa mvua. Kila aina ina mti wake na mwezi wake, nao watoto wa vijijini huzijua kama watoto wetu wazijuavyo aina za ndizi. Hutolewa uchafu wa tumboni, huchemshwa kwa chumvi, hukaushwa, na sokoni huuzwa kwa kikombe. Nyumbani hulowekwa, kisha hukaangwa na vitunguu na nyanya. Ladha yao ya kwanza yafanana na uyoga uliokaushwa, ya pili na senene, na baada ya hapo mtu haulizi tena. Profesa François Malaisse, Mbelgiji aliyefundisha Lubumbashi, alitumia miaka mingi kuhesabu vyakula vya miombo hii, na mwaka 1997 akatoa kitabu kinene juu yake. Viwavi waliokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni ile protini ijengayo mwili. Katika nyumba ambayo nyama ya ng'ombe huonekana Noeli na Pasaka tu, kikombe cha mbinzo ni jambo kubwa. Kinachotusikitisha ni kwamba miti ile ile iwalishayo viwavi ndiyo ikatwayo kwa makala, na kila mwaka wakusanyaji huenda mbali zaidi.

Uyoga nao tungeweza kuuandikia ukurasa mzima. Tutaje mmoja tu, ule utokao katika vichuguu vya mchwa, ambao kofia yake yaweza kufikia upana wa mita 1. Mara ya kwanza tulipomwona mtoto akipita njiani wakati wa mvua amejifunika uyoga kichwani, tulidhani ni mwavuli. Uyoga huo hupatikana Zambia na Katanga, na mchwa wenyewe ndio waulimao chini ya ardhi. Hukatwa vipande kama nyama na kupikwa kama nyama.

Sasa tuwasimulie hadithi moja, maana Waluba ni watu wa historia, na historia yao kubwa yahusu mgeni na chakula. Masimulizi ni ya namna nyingi, lakini kiini chake ni hiki. Zamani alitawala Nkongolo, mtu mwekundu, mkali, mpenda pombe, aliyekula na kunywa na kucheka mbele ya watu wote. Akaja mgeni kutoka mashariki, mwindaji aitwaye Mbidi Kiluwe. Nkongolo akampokea vizuri, akamletea chakula, lakini mgeni hakula. Wala alipocheka hakufunua kinywa. Nkongolo akastaajabu, kisha akachukizwa. Ndipo alipoelezwa kwamba kwao Mbidi mtu wa ukoo wa kifalme hali mbele ya macho ya watu. Basi ikapasa atengewe mahali pa faragha. Mbidi akaoa dada za Nkongolo, kisha akarudi kwao. Naye mtoto aliyezaliwa, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo na kuanzisha ufalme mpya wa Waluba. Tangu hapo wafalme wao walikula kwa siri.

Nasi tulitoka mashariki. Nkambo alipotusimulia habari hizo mara ya kwanza alimaliza kwa kusema, "Lakini wewe, Mwalimu, si mfalme. Kula hapa tukuone." Tukala, nao watu wa nyumba yake saba walitutazama tukimeza kila tonge.

Ndipo tufikie jambo ambalo lilitupa mawazo mengi. Miezi ile ya mwanzo, kila jioni, mjukuu wa Nkambo alikuja kwetu na sahani iliyofunikwa. Ndani yake mlikuwa na bukari ya kutosha watu wawili, na sombe yenye kipande kizuri cha samaki. Tulipokea kwa mikono miwili, tukajibu kama tulivyofundishwa, "Wafwako," yaani asante kwa Kiluba, na tukashukuru Mungu kwa majirani wema. Siku moja binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka minane, alirudi kutoka kucheza kwa Nkambo, akasema mbele ya sahani ile, "Kwao sombe haina samaki."

Tuliuliza kwa hekima, hapa kidogo na pale kidogo. Kumbe samaki aliyeingia nyumba ile alikuwa mmoja kwa juma, na sehemu yake iliyo nzuri ilikuja kwetu.

Fikirini wenyewe, wasomaji, mngefanya nini. Kukataa sahani ni tusi; ni kumwambia mzee kwamba chakula chake hakifai, au vibaya zaidi, kwamba tumeuona umaskini wake. Kuendelea kuila, hali tunajua watoto saba wanakula majani matupu, koo lisingekubali. Kulipa fedha hakufikiriki kabisa. Tulikaa siku mbili tukishauriana. Mwishowe mama watoto alipata njia. Hakumwambia Nkambo neno la samaki. Alikwenda akamwambia kwamba kinu chetu kimepasuka, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba makala yamekuwa ghali, jambo ambalo lilikuwa kweli zaidi. Je, haingefaa nyumba mbili zitwange pamoja na kupika kwa moto mmoja? Nkambo alinyamaza muda. Yeye si mtoto, alielewa yote. Kisha akasema, "Leteni sufuria yenu, ni kubwa kuliko yangu." Tangu hapo samaki wetu huingia chungu kimoja na sombe yake, na hakuna mtu awezaye kusema kipande hiki ni cha nani.

Mpango ule ulipimwa mwaka 2024. Kila aishiye Katanga ajua kwamba mahindi ya hapa hayatoshi, na kwamba unga mwingi hutoka Zambia. Mwaka ule ukame mkubwa uliwapiga Wazambia wenyewe, na mwezi wa Februari serikali yao ikautangaza kuwa balaa la taifa. Unga ukapungua sokoni, bei ikapanda. Ni kweli kwamba huku kaskazini kuna mashamba makubwa ya Kaniama-Kasese, ambako vijana waliotolewa katika magenge ya Kinshasa hufundishwa kulima. Lakini mahindi ya shamba la serikali na sahani ya bibi mzee ni vitu viwili vilivyo mbali. Mtaani kwetu kipimo cha bukari kiligeuka: muhogo ukazidi siku hata siku, tonge likazidi kunyooka. Nkambo alikataa jambo moja tu, kupunguza siku za kuloweka. Watoto walipolia njaa aliwapa viazi vitamu na matembele, yaani majani yake, lakini muhogo ulimaliza siku zake majini.

Miezi ile ndipo jiko letu lilipopata nyumba ya tatu. Jirani wa kushoto ni mama Mkasai, mjane wa mfanyakazi wa reli. Mpaka wakati huo yeye na Nkambo walisalimiana tu. Mnajua, au mjue sasa, kwamba mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga kwa maelfu mengi sana, hata wale waliozaliwa hapa. Wengi walilala majuma na miezi penye stesheni wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa. Njia yao ya kurudi Kasai ilipita Kamina. Mama huyu alikuwa msichana, akatoka Likasi pamoja na wazazi. Alitusimulia habari hizo jioni moja akichambua majani, pasipo kuinua macho. Gari lao lilisimama hapa stesheni, nao waliogopa kushuka. Mwanamke mmoja asiyemjua alikuja chini ya dirisha, akampa bukari na sombe ndani ya jani la mgomba, akaenda zake. Uso wake hakuuona vema, maana ilikuwa usiku. "Ilikuwa na karanga," alisema. Miaka mingi baadaye aliolewa na mtu wa reli, naye mume akapangiwa kazi Kamina, akarudi.

Nkambo alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba mwanamke yule alikuwa yeye, wala sisi hatukumwuliza. Aliondoka tu, akaenda ndani, akarudi na karanga kiganjani, akazitia kinuni.

Siku hizi tu nyumba tatu penye moto mmoja mara nne kwa juma. Siku ya Jumamosi hutengenezwa munkoyo, kinywaji kinachostahili sifa zote mnazowapa lubisi bila madhara yake. Uji mwepesi wa mahindi hupikwa, ukipoa hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, nayo mizizi hiyo ina nguvu ya ajabu: uji mzito huyeyuka ukawa mwembamba, na wanga wake hugeuka utamu pasipo sukari. Kesho yake baada ya Misa huchujwa na kunywewa, watoto na wazee pamoja. Ukikaa siku nyingi huanza kuchachuka na kuwa na mawazo mengine. Kwa hiyo kwetu haukai.

Na msidhani kwamba sisi ni wa kupokea tu. Mama watoto alitafuta machipukizi ya mgomba wa kupika, akayapanda nyuma ya nyumba, na mkungu wa kwanza ulipokomaa aliamua kuwaonyesha majirani chakula cha watu waliostaarabika. Alizimenya ndizi, akazipika na maharage, akazifunika kwa majani ya mgomba mpaka zikalainika kabisa. Nyumba zote tatu zilikusanyika. Nkambo alipewa sahani ya kwanza. Alikula taratibu, akamaliza yote, akafuta vidole, akasifu sana utamu wake na rangi yake na kazi ya mama watoto. Kisha akanawa mikono tena, akatazama huku na huku.

"Basi, Mama Mwalimu," akasema, "bukari iko wapi?"